Unachoma insulini na umepewa dawa nyingine? Anza hapa

Mi ni nesi kliniki ya kisukari na kitu kinachoniuma ni mtu anachoma insulini yake vizuri kabisa afu anaangushwa na kidonge alichonunua duka la dawa bila kusema ana sukari.

1. Tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za presha, za maumivu, mpaka unga wa mlonge, uende nazo kliniki. Usiseme tu "natumia ya presha", toa pakiti wasome jina.

2. Uliza ipi inashusha sukari. Glibenclamide, kidonge cha kisukari, ni mojawapo. Kwinini nayo inalisukuma kongosho litoe insulini zaidi, kwa hiyo ukitundikiwa dripu ya kwinini omba upimwe sukari mara kwa mara. Antibiotiki kama Septrin na ciprofloxacin pia, hasa figo zikiwa zimechoka. Pombe ndo kabisa, inalizuia ini kutoa sukari, unaweza kunywa jioni ukashuka alfajiri umelala.

3. Angalia kama una atenolol au propranolol, ni dawa za presha na moyo, hapa tulia usome. Sukari ikishuka moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, ndo unajua mambo yameharibika, sasa hizi dawa zinaficha hizo dalili ila jasho halifichiki. Ukishtuka usiku kanga imelowa mgongoni, jasho la baridi na hakuna joto, pima hapohapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15, bado iko chini rudia, ikipanda kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, mkimbizeni hospitali. Na dawa ya presha usiikate mwenyewe jamani, kuiacha ghafla ni hatari kwa moyo.

4. Prednisolone na dexamethasone, dawa za steroidi wanazopewa watu wa pumu na wengine, zinapandisha sukari. Ukimeza prednisolone asubuhi, kesho yake ukiamka sukari inaweza kuwa nzuri tu ila mchana mpaka jioni inapaa, ndo maana pima kabla ya chakula cha usiku. Daktari akikuongezea uniti za insulini muulize palepale, nikimaliza hivi vidonge nirudi uniti ngapi? Watu wanamaliza dawa ya pumu, uniti zinabaki zilezile, wanashuka vibaya.

5. Andika kwenye daftari tarehe uliyoanza dawa mpya, uniti na sukari. Stripu za kupimia sukari ni ghali najua, kama zimebaki chache muulize nesi wako upime saa ngapi kwa hiyo dawa uliyopewa, usizimalize zote asubuhi.