Kabla Hujaweka Pesa kwa Farasi Mchanga: Mambo ya Kuzingatia Msimu wa Mbio Unapokaribia

Msimu wa mbio ukikaribia, simu huanza kuzunguka Njoro, Molo hadi Nakuru mjini. Kuna farasi mchanga anatafutiwa wenye hisa, kuna mkufunzi anasifiwa, njooni haraka nafasi zinaisha. Wanaopigiwa wengi hawajawahi kumgusa farasi: ni walimu, wenye maduka, wakulima waliouza viazi vizuri mwaka huu. Watakwambia pia kwamba huku kwetu ndiko nyumbani kwa farasi, kwamba Beryl Markham, yule rubani na mkufunzi maarufu wa farasi, alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake na akapata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana. Ni kweli. Lakini historia haikimbii. Anayekimbia ni mnyama ambaye mifupa yake haijakomaa, na kama atadumu au hatadumu hutegemea mtu anayemfungulia mlango wa banda alfajiri, wewe ukiwa bado umelala.

Mbio ninazozungumzia ni za meideni, za farasi ambaye hajashinda hata mara moja. Ndizo wanazoanzia farasi wachanga wengi wanaopelekwa uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Ugumu wake ni kwamba hakuna rekodi ya kusoma. Kwa farasi mkubwa unafungua matokeo ya msimu uliopita na kujua alivyokimbia, mita ngapi, akibeba uzito gani mgongoni. Kwa huyu mchanga una macho yako, mikono yako na maswali yako tu. Vitumie.

Anza na umri, na usikubali jibu la "ana miaka miwili." Farasi wote wa mbio huongezewa mwaka kwa siku moja, kulingana na walikozaliwa: waliozaliwa Uingereza hesabu yao ni 1 Januari, waliozaliwa Afrika Kusini ni 1 Agosti. Kwa hiyo wawili wanaoitwa wa miaka miwili wanaweza kuachana kwa miezi minne au mitano, na katika umri huo miezi mitano ni mingi sana. Uliza tarehe yenyewe ya kuzaliwa. Kisha omba afunuliwe mdomo. Meno mawili ya mbele ya katikati hung'oka na kuota ya kudumu akikaribia miaka miwili na nusu. Ukiambiwa ametimiza mitatu na bado meno yote ya mbele ni madogo, meupe, ya utotoni, karatasi na mdomo havisemi jambo moja.

Karatasi: jina, pasi ya farasi, chipu ya utambulisho ya shingoni, na hisa zako kwa maandishi. Leseni ya mkufunzi iwe ya Jockey Club of Kenya, chama kinachosimamia mbio, na iwe ya mwaka huu.

Chanjo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, hasa jioni na usiku, na aina yake inayoshika mapafu huua karibu kila farasi inayempata. Farasi achanjwe mapema kabla ya mvua, apewe kazi nyepesi wiki zinazofuata, na magharibi iingie akiwa ndani ya banda. Kupe nao wana homa yao ya damu. Vuta ukope wa chini kidogo utazame ndani: kama ni wa manjano au umepauka, huyo ni mgonjwa na mazungumzo ya mbio yasubiri daktari.

Msikilize anavyopumua. Akiwa ametulia mapigo ya moyo ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, wachanga huzidi kidogo, na joto la mwili ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Akitoka kukimbia, simama karibu na pua. Mngurumo kila anapovuta hewa ni jambo la daktari kuliangalia kooni, hata mkufunzi akikwambia ni ujana utaisha.

Sasa miguu. Hapa usiharakishwe na mtu yeyote.

Mjomba wangu na wenzake wa chama, wengi wao walimu wanaokaribia kustaafu, walinunua mtamba wa miaka miwili, rangi ya hudhurungi, shingo ndefu, jicho kubwa lililotulia. Wakampeleka kwa mkufunzi ambaye sitamtaja. Kila walipotaka kumwona farasi wao walipiga simu kwanza, kama adabu inavyotaka, na kila walipofika walimkuta ametolewa nje, manyoya yanang'aa, miguu ya mbele ikichuruzika maji. Mjomba alikuwa akirudi amefurahi. "Yule bwana ni msafi sana," alisema. "Farasi hakai na tope hata dakika moja."

Siku ya mbio yake ya kwanza mtamba alitoka vizuri kwenye geti la kuanzia mbio, akaongoza, na tulipokuwa tayari tumesimama kumshangilia, hatua zake zikafupika. Si kwamba alichoka. Farasi aliyechoka huyumba na kushusha kichwa. Huyu kichwa kilikuwa juu, na mbele alikuwa akikanyaga kama anayepita kwenye changarawe. Joki, yaani aliyempanda, akaona, akaacha kumsukuma. Wakafika wa mwisho.

Kesho yake hakutaka kutoka bandani. Mjomba akaniomba tuandamane, kwa sababu nimefanya kazi ya usaisi, ya kutunza farasi bandani, na yeye alikuwa amechoka kuelezwa mambo kwa simu. Tulifika bila kupiga hodi kwa mtu. Mkufunzi hakuwepo. Alikuwepo saisi, mzee mmoja wa kutoka Molo, amekalia ndoo iliyofunikwa akifunga bendeji.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Mzuri, mwanangu. Mmekuja kumwona mgonjwa."

Alimtoa mtamba hadi mlangoni penye mwanga, miguu mikavu. Akaushika mkono wangu. Nilikifungua kiganja, akakataa: "Geuza. Kiganja cha mtu wa kazi kimekufa, hakijui joto." Akaupitisha mgongo wa mkono wangu juu ya muundi wa mguu wa kulia, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ulikuwa baridi kote. Kisha wa kushoto. Chini ya goti, baridi. Katikati, joto likaanza, na ngozi ikainuka kidogo, uvimbe laini wenye umbo la mgongo wa kijiko. Nilitaka kubonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakijafika, mtamba alinyanyua mguu na kumsukuma mzee begani kwa pua.

"Huyu amekuwa akiniambia hivyo tangu alipoanza kukimbizwa kwa kasi," mzee akasema. "Nilisema. Nikaambiwa nifungue mpira wa maji gari la wageni likionekana langoni."

Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa. Mtamba alisimama bandani miezi, chakula na daktari vikilipwa na watu ambao mishahara yao inajulikana, na chama kikavunjika kwa maneno makali kati ya marafiki wa miaka mingi. Kinachoniuma zaidi ni yule mnyama. Alikuwa amesema kwa njia yake yote anayoijua.

Elewa kinachotokea ndani. Mfupa wa muundi wa farasi wa miaka miwili bado unajijenga. Akikimbia kwa kasi mfupa hupinda kidogo, na mwili hujibu kwa kuongeza mfupa mpya upande wa mbele. Kazi ikizidi ujenzi, ngozi nyembamba inayofunika mfupa huvimba na kuuma. Ni tatizo la kawaida kabisa kwa farasi wachanga, na akipumzishwa na kurudishwa polepole wengi hupona wakakimbia miaka mingi. Wanaopasuka mfupa ni wale wanaoendelea kusukumwa juu ya maumivu. Daktari Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alilichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba kumzungusha farasi mchanga masafa marefu kwa mwendo wa wastani hakuuandai mfupa wake kwa mbio. Mfupa hujengeka kwa mwendo unaoufanyia mazoezi. Vipande vifupi vya kasi, vinavyorudiwa mara kwa mara na kuongezwa kidogo kidogo, humlinda zaidi. Kwa hiyo muulize mkufunzi akuonyeshe daftari la mazoezi: mara ya kwanza farasi huyu alipoachiwa kasi ilikuwa lini, mita ngapi, na baada ya siku ngapi akarudia. Akiwa hana daftari, au amemtembeza tu kwa miezi halafu wiki tatu kabla ya mbio akamwachia kwa nguvu, kaa na pesa zako. Ardhi ikiwa ngumu baada ya kiangazi, uwe mkali mara mbili.

Na ufanye hivi. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, iandikwe kwenye mkataba kwamba mwenye hisa anaweza kufika asubuhi yoyote. Ufike kesho yake baada ya mazoezi ya kasi, kwa sababu maumivu ya muundi hujitokeza siku inayofuata, si siku ile ile. Gusa mguu mkavu. Tumia mgongo wa mkono, linganisha mguu mmoja na mwingine, kisha bonyeza kwa kidole gumba huku ukitazama sikio na jicho lake, usitazame mguu. Ukimkuta ameloa, usimlaumu mtu. Maji baridi baada ya kazi ni matunzo mazuri na mkufunzi mwema huyatumia. Omba kiti, keti, subiri mguu ukauke na joto lililofukuzwa lirudi. Kama bwana hana muda wa wewe kusubiri, jibu umelipata.

Kuhusu mkufunzi mwenyewe, watu huuliza ameshinda mbio ngapi. Uliza jingine: farasi wachanga aliowakimbiza mara ya kwanza msimu uliopita, wangapi walirudi kukimbia mara ya tatu? Matokeo ya mbio yapo, majina yapo, kaa chini ufuatilie. Mtu anayeshinda na farasi wawili huku wanane wakipotea kimya kimya hakufai. Angalia pia kila saisi ana farasi wangapi, amekaa hapo muda gani, na kama analipwa mwisho wa mwezi. Saisi anayebadilishwa kila mara hamjui farasi, na asiyelipwa hana moyo wa kusema. Ukizungumza naye, zungumza kwa heshima na usije ukamnukuu mbele ya mwajiri wake. Mzee wa Molo angepoteza kazi kwa maneno yale. Mkufunzi akikwambia "bado, tumpe miezi miwili," usikasirike ukamhamishia farasi kwa mwingine mwenye maneno matamu. Huyo wa "bado" ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Farasi awe amefundishwa kuingia getini na kusimama humo milango ikiwa imefungwa. Asiyefundishwa huumia yeye na kumuumiza joki. Uliza pia kama joki wa siku ya mbio amewahi kumpanda asubuhi.

Safari. Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, na ukitokea Molo unaongeza. Farasi asifungwe kichwa juu njia nzima. Akishindwa kuinama kusafisha pua na koo, vumbi na vijidudu hushuka mapafuni, na homa inayofuata inaweza kumuua. Msimame njiani, ainame, anywe. Asafirishwe mapema, apate usiku wa kupumzika.

Siku yenyewe, mtazame akizungushwa kabla ya kupandwa. Kwato la nyuma likanyage mbele ya alama iliyoachwa na la mbele. Jasho kidogo kwa farasi mchanga anayefika uwanjani mara ya kwanza si kitu. Povu jeupe kati ya mapaja, macho meupe, kupiga teke kila anayepita, huyo ameshamaliza mbio kabla hazijaanza. Bendeji mpya miguu ya mbele, uliza ni za nini.

Kama umekuja kubeti tu, weka kiasi ambacho kikipotea mtoto bado ataenda shule, na mbio za meideni ziwe za mwisho kukushawishi. Usikope kwa simu ukiwa uwanjani. Usisimame nyuma ya farasi hata akiwa mpole, shika mkono wa mtoto, beba koti, na ukiwa mwenye hisa usiondoke kabla hujamwona farasi wako amepoa, amekunywa maji, na ametembezwa hatua chache mbele yako kwenye ardhi ngumu, bila bendeji.