Hesabu kabla ya kushika spana: kuishi na Citroën DS hapa Lubumbashi

Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi ikiwa imekaza, nawasha gari langu halafu natulia. Siliondoi. Linaamka kama ng'ombe: matako yananyanyuka kwanza, pua inafuata, mpaka limesimama sawasawa. Kisha kutoka chini ya boneti nasikia: tak. Hapo naanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka tak ya pili. Nikivuka thelathini, naingia barabarani moyo ukiwa umetulia. Nikiishia kumi na mbili, najua wiki hii kuna kazi.

Gari ni Citroën D Super ya 1971, mwaka uleule nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Ni ndugu wa DS, ile iliyooneshwa Paris mwezi wa kumi 1955 na kupata oda zipatazo 12,000 siku ya kwanza. Zilitengenezwa mpaka 1975. Langu nililinunua 2009 kwa mzee mmoja wa Makomeno aliyekuwa ameliacha chini ya mwembe miaka sita. Tangu hapo, kila kijana anayekuta gari la namna hii kwenye uwanja wa babu yake hunipigia simu na kuniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, tunalo moja, tufanye nini?" Ninayowajibu ni haya.

Kwanza, msiliwashe. Najua mikono inawasha. Lakini kabla ya betri na kabla ya esansi (petroli), chukua bisibisi ya bapa, piga magoti, na ugonge mihimili miwili inayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Sikiliza. Chuma kizima kinalia kwa ukali, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito na bisibisi inazama. Halafu nyanyua kiti cha nyuma utazame sakafu chini yake, kisha sakafu ya buti. Gari hili limebebwa na mifupa hiyo. Milango, boneti na mabawa yote yamefungwa kwa bolti, yanatoka na kurudi, na paa la mengi ni la faibaglasi, haliozi kabisa. Kwa hiyo bawa lililopondeka lisikutishe, wala rangi inayong'aa isikuvute. Sisi huku tuna bahati, hatuna chumvi ya bahari wala ile wanayomwaga barabarani Ulaya wakati wa theluji. Adui wetu ni majani ya miti. Langu lilikuwa na kilo nzima ya majani ya mwembe yaliyooza kwenye pembe za buti, na chini yake tundu la kupitisha ngumi.

Kama una nafasi ya kuchagua, chukua la modeli ya 1966 au baadaye. Ya kabla ya hapo yanavaa tairi za rimu ya milimita 400, na kuzipata ni safari. Tangu modeli ya 1966 rimu ni za inchi 15, zinafungwa kwa bolti tano badala ya moja ya katikati, na injini za DS zina beringi kuu tano badala ya tatu.

Sasa mafuta, na hapa naomba usome polepole.

Suspensheni ya gari hili haina springi. Kuna pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana, zaidi ya bar 140, na mafuta hayohayo yanalinyanyua gari na kushika breki. Katika mengi yanasaidia usukani pia. Aliyebuni mfumo huo ni Paul Magès, na mpaka leo nikifungua boneti namheshimu. Ila mafuta yenyewe ni ya aina mbili zisizopatana. Magari ya zamani yanakunywa LHS, ambayo mara nyingi ni nyekundu. Kuanzia mwisho wa 1966 Citroën walihamia LHM, ambayo ni ya kijani na asili yake ni madini. Mipira ya kuzuia mafuta katika mfumo mmoja inaharibika ikiguswa na mafuta ya mwingine. Ndiyo maana kiwandani walipaka sehemu za mfumo wa LHM rangi ya kijani. Futa vumbi jekundu la Katanga, utaiona kwenye tangi la mafuta hayo na kwenye bule, zile tufe za chuma nitakazozieleza mbele.

Mwaka 2011 nilisafiri, nikamwachia mdogo wangu gari. Akaona tangi limepungua, akalipeleka kwenye garaji moja ya mjini. Fundi, kwa nia njema kabisa, akamimina mafuta ya breki ya kawaida, kopo zima la nusu lita. Niliporudi usukani ulikuwa mzito na pampu inavuja. Nilimwita Papa mmoja, mzee wa Kamalondo, ambaye ujanani alikuwa anazitengeneza gari hizi. Hakugusa spana. Aliomba glasi ya maji. Akachovya kijiti ndani ya tangi, akadondosha matone mawili kwenye glasi, akainyanyua juani. Matone yalizama, yakazunguka kama moshi, yakapotea ndani ya maji. Papa akaiweka glasi chini, akanitazama. "Mwanangu, hii si mafuta yake. Mafuta yake hayachanganyiki na maji." Tulifungua mfumo mzima, tukabadilisha mipira mmoja mmoja, na gari lilisimama miezi minane.

Basi fanya kama Papa. Gari lolote la namna hii utakaloletewa, kabla ya kuongeza hata kijiko, dondosha tone kwenye glasi ya maji. LHM itaelea juu kama mafuta ya mawese kwenye sombe. Ikiyeyuka, ni LHS au mafuta ya breki, na kama sehemu zimepakwa kijani, simama hapohapo, usiwashe injini tena. Mimi nimebandika karatasi kwenye kifuniko cha tangi, kwa Kiswahili na Kifaransa: KIJANI TU. Na kopo la LHM linalala kwenye buti siku zote, ili asiyejua asipate sababu ya kutafuta kingine. Ikitokea umekwama njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kopo limekwisha, wenye magari ya LHM huazima mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale ya asili ya madini, wafike nyumbani kisha wayamwage. Mafuta ya breki, hapana, hata ukilala njiani.

Kupima kiasi chake ni rahisi lakini wengi wanakosea. Injini iwe inawaka, mkono wa kimo, ule wa kupandisha na kushusha gari, uwe juu kabisa, gari lisubiriwe limalize kupanda, ndipo utazame alama za tangi. Ukipima likiwa limelala, mafuta yaliyotoka kwenye suspensheni yamerudi tangini, utadhani yamejaa. Ndani ya tangi kuna chujio. Kila mwisho wa kiangazi nalitoa na kulisafisha kwa esansi, maana vumbi letu linapita hata pasipo na tundu.

Turudi kwenye ile tak.

Bule, ndivyo mafundi wetu wanavyoziita, ni tufe za chuma zinazoenea kwenye viganja viwili. Kila gurudumu lina yake, na iko moja ya akiba karibu na pampu. Ndani, utando wa mpira unatenganisha gesi ya naitrojeni na mafuta. Gesi ndiyo springi. Lakini mpira haufungi gesi milele, inapenya kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Bule ya akiba ikiwa nzima, pampu inaijaza, konjonkteri, kifaa kinachoikata pampu presha ikitosha, inakata, unasikia tak, kisha pampu inapumzika mpaka mafuta ya akiba yatumike. Bule ikiisha gesi, haiweki akiba, pampu inaitwa kazini kila sekunde chache. Kwa hiyo hesabu ukiwa umesimama, injini inanguruma taratibu, bila kugusa breki wala usukani. Sekunde thelathini na zaidi ni afya. Chini ya kumi, badilisha bule hiyo kabla ya kwenda popote, kwa sababu akiba hiyo inakuhusu siku injini itakapozimika mteremkoni.

Za magurudumu hazisemi kwa sauti. Gari likiwa limenyanyuka kwenye kimo cha kawaida, bonyeza pembe moja kwa uzito wako wote. Ikishuka na kurudi kwa ulaini, bule inaishi. Ikigoma kama jiwe, gesi imekwisha, na hilo utakuwa umeshalisikia shingoni njiani kwenda Kipushi. Ukiagiza, taja ya mbele au ya nyuma. Kwa gari la kawaida la familia, ya mbele inajazwa bar 59 na ya nyuma 26, kwani injini iko mbele na uzito uko huko. Nimeona mtu amezigeuza. Gari lake lilikuwa linaruka nyuma kama mbuzi.

Kuzibadilisha unaweza mwenyewe, ila kwa utaratibu huu, na usiruke hata kimoja. Zima injini. Shusha mkono wa kimo chini kabisa, gari lilale. Legeza skrubu ya kupunguza presha kwenye konjonkteri, mzunguko mmoja, usiitoe. Utasikia mafuta yakirudi tangini kwa mluzi. Mluzi ukinyamaza, ndipo ushike bule na kuifungua kinyume cha saa. Zilizokaa miaka mingi hugoma, na mimi hutumia mkanda wa kufungulia chujio la oili wenye mnyororo. Weka mpira mpya mdomoni, upake LHM kidogo, na ufunge bule mpya kwa mikono tu. Presha yenyewe itaibana.

Na lolote ufanyalo, usiingie chini ya gari hili likiwa limesimama kwa mafuta yake tu. Bomba moja likipasuka, linashuka lote kwa mara moja. Stendi za chuma pande zote, au magogo mazima ya mti mgumu. Sijadili hili na mtu.

Bule zangu zinatoka Afrika Kusini, kwa malori yanayoingia Kasumbalesa. Huko DS ziliunganishwa Port Elizabeth kuanzia 1959, kwa hiyo wazee wenye piesi (vipuri) bado wapo. Kumbuka tu kwamba zao ni za usukani wa kulia. Bule, pampu, bolti, chujio, chukua bila hofu, lakini chochote cha usukani waulize mara mbili.

Kubadilisha tairi ndiko kunakokusanya watu. Mwaka juzi nilitoboka mbele ya soko, njia ya Likasi, tairi la nyuma, na vijana watano walikuja na jeki mkononi. Niliwaomba waiweke pembeni. Injini inawaka, mkono juu kabisa, gari linapanda. Unaweka stendi yake ubavuni, upande wa tairi lililotoboka. Kisha mkono chini kabisa. Gari linajaribu kulala, stendi inalizuia upande mmoja, na magurudumu ya upande huo yanavutwa juu yenyewe mpaka yanaelea. Bawa la nyuma linafunika gurudumu, lakini limeshikwa na bolti moja tu mwishoni: ifungue, vuta bawa nyuma, liegemeze pahali salama lisikanyagwe. Gurudumu hilo hapo. Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi aliacha beseni lake akaja kuinama kutafuta jeki iliyofichwa.

Masika, maji yakijaa barabara za Katuba, nyanyua mkono nafasi moja juu ya kawaida, uende polepole. Nafasi ya juu kabisa si ya kuendeshea, kule suspensheni imefika mwisho wake, na kila shimo linapiga mabomba. Pua ya gari inavuta hewa kutoka chini ya bampa, kwa hiyo baada ya tope osha radieta kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Mishumaa ya plagi nayo imezama ndani ya mashimo marefu kwenye injini. Gari likikohoa baada ya mvua, vuta vifuniko vya plagi ukaushe kwa kitambaa kabla ya kulaumu kabureta.

Jioni ukiegesha, kumbuka litashuka. La kwangu linachukua saa tatu au nne, mengine nusu saa. Nyumbani tuna watoto na kuku, na kuku wanapenda kivuli chake. Kabla ya kufunga lango nazunguka na kuinama pande zote nne, na wanangu wanajua mpira ukiingia chini ya gari ni mimi nitakayeutoa.

Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna daftari la shule lenye safu tatu: tarehe, kilomita, sekunde. Nilipoweka bule ya akiba mpya ilikuwa 44. Mwaka jana mwezi wa nne, 38. Mwaka huu mwezi wa pili, 29. Juzi, 21. Nyingine iko kwenye lori, dereva amesema Alhamisi atakuwa mpakani. Mpaka nitakapoifunga, gari linafika sokoni na kanisani, Likasi itangoja.