Kulaza Mtutu wa Pembenane Katika Mti wa Bunduki ya Gumegume

Bunduki ndefu za gumegume zilizotengenezwa Lancaster, Pennsylvania, katika karne ya 18, na mafundi kama Jacob Dickert aliyezaliwa Ujerumani, husifiwa kwa nakshi zake za shaba na kwa mti wake wenye mawimbi. Mimi nikiishika moja mkononi huangalia kwanza mstari ambapo chuma hukutana na mti, kwa sababu hapo ndipo subira ya fundi huonekana. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja tu ya kulaza mtutu katika mti, yaani kuchimba mfereji katika sehemu ya mbao ya bunduki ili mtutu ukae ndani yake, kwa mtu anayeunda nakala ya bunduki ya aina hiyo.

Sheria itangulie. Nchini Tanzania na Kenya, kutengeneza au kumiliki gobori bila kibali ni kosa, na nchini Marekani masharti hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Mtutu nao ununuliwe ukiwa umekamilika, na kizibo chake cha nyuma kiwe kimefungwa na mtengenezaji, kwa kuwa kizibo hicho ndicho kinachozuia moto wa baruti usimrudie mpigaji usoni. Ikiwa mtutu ni wa kale, ingiza mdeki (ufito wa kushindilia baruti na risasi) hadi ugote, uutie alama mdomoni, kisha uutoe na kuulaza ubavuni mwa mtutu. Alama ikiwa mdomoni na ncha isipofika karibu na kizibo, huenda mna baruti na risasi zilizosahaulika, na kazi isimame hapo mpaka mtaalamu auondoe mzigo huo.

Mtutu wa Pennsylvania, ambao mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 105 hadi 117, hauna unene mmoja. Sehemu ya nyuma ni nene, kisha unapungua polepole hadi kwenye kiuno kilicho nyuma kidogo ya mdomo, na baada ya hapo unanenepa tena. Umbo hilo huipunguzia bunduki uzito wa mbele, lakini humtaabisha fundi, kwani hakuna mstari wa rula unaoweza kuufuata ubavu wake.

Anza na tupa. Funga mtutu kwenye jiriwa yenye taya za mbao, ukiutegemeza pia katikati ili usipinde kwa uzito wake, kisha ishike tupa kwa mikono miwili ikiwa imekingama juu ya mtutu na uivute kuelekea kwako kwa urefu wa bapa, yaani mmoja wa pande nane za mtutu. Ipake tupa chaki, maana vumbi la chuma likinasa katikati ya meno huchora mikwaruzo mirefu ambayo utaifuta kwa nusu siku. Lengo ni kuondoa alama za mashine na kuziacha kona nane zikiwa kali na zilizonyooka. Hakuna haja ya kung'arisha bapa za chini ambazo zitafunikwa na mti. Kona za chini zenyewe zivunjwe makali kidogo tu, ili zisikwangue mti kila mtutu unapoingizwa.

Mti unaotumika ni mepo, mti mgumu ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, na sharti uwe umekauka kabisa. Usianze kuuchonga kwa nje. Ubao wenye pande zilizonyooka hukaa imara kwenye jiriwa na hukupa mahali pa kupimia, ilhali sehemu ya mbele ikishachongwa, kuta zake hubaki nyembamba na hupasuka kwa kosa dogo.

Piga mstari wa katikati, uulaze mtutu juu yake, na uchore ubavu wake kwa ncha ya kisu chembamba. Chimba ndani ya mistari hiyo, ukiacha ziada kidogo kila upande, mpaka bapa la chini lipate pa kukaa. Mabapa mawili ya mshazari yafuate, na kuta za wima zimaliziwe mwisho. Nusu ya mtutu ndiyo inayozama. Mti wenye mawimbi hubadilisha mwelekeo wa nyuzi kila baada ya upana wa kidole, kwa hiyo patasi inayoteleza vizuri hapa itang'oa kipande pale. Ukihisi inazama yenyewe, igeuze au utumie kikwangulio.

Kuanzia hapo kiongozi wako ni masizi. Paka upande wa chini wa mtutu masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta kidogo, uushushe wima, uugonge taratibu kwa nyundo ya mti, kisha uuinue wima vilevile bila kuubetua, la sivyo mkia wake, ule ulimi wa chuma unaotokeza nyuma ya kizibo, utakwangua mti wa nyuma. Mwanzoni utaona madoa mawili matatu madogo kama punje za mtama. Yakwangue hayo tu na urudie. Baada ya mara kadhaa punje huwa mistari, na mistari hukutana, hadi bapa lote la chini lipate weusi uliotandaa sawasawa. Niliwahi kuchoka katika hatua hii nikaukaza mtutu kwa jiriwa ndogo ili ushuke kwa nguvu, na sehemu ya mbele ikapasuka urefu wa kiganja. Mtutu ulioingia vizuri hushuka kwa kubonyezwa na vidole gumba.

Sehemu ya nyuma haitaki nafasi hata kidogo. Bunduki inapolia, msukumo hupita mwishoni mwa mtutu kuingia mtini. Pakiwa na upenyo hapo, skrubu ya mkia na pini ndizo zitakazobeba kishindo, na ufa utatokea nyuma ya mkia.

Mtutu hushikwa mtini kwa masikio madogo ya chuma yaliyopachikwa chini yake, ambayo hupitishiwa pini nyembamba kutoka ubavuni. Mifuo ya masikio inayokatwa kwenye mtutu isizidi kina cha milimita 1 hivi, hasa penye kiuno. Kati ya mfereji wa mtutu na tundu la mdeki lililo chini yake hubaki takribani milimita 3 za mti, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kutoboa, ili pini isiingie njia ya mdeki. Tundu la kila sikio lirefushwe kidogo kwa tupa ndogo kuelekea mbele na nyuma, kwa sababu mti hutanuka na kunywea kwa majira nao mtutu hauufuati. Mwisho, safisha masizi yote, upake mfereji mafuta ya kitani, na yakishakauka, usugue nta ya nyuki kabla ya kuurudisha mtutu.