Mtoto aanze na pimbi: kupanga safari ya Saanane, kisha Ndabaka

Wazazi wengi wa Mwanza wakipata gari na siku moja ya mapumziko hukimbilia Serengeti moja kwa moja. Ikifika saa nane mchana watoto wamelala kiti cha nyuma, simba aliyeonekana alikuwa doa tu chini ya mti wa mbali, na kitakachosimuliwa shuleni Jumatatu ni chipsi mayai za njiani. Serengeti haina kosa hapo. Mtoto ambaye hajafundishwa kumtafuta mnyama kwa macho asianzie kwenye hifadhi ya kilomita za mraba 14,763.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: wiki mbili za mazoezi nyumbani, nusu siku Kisiwa cha Saanane, ndipo siku nzima Serengeti kupitia lango lake la magharibi, Ndabaka. Unawafaa watoto wa miaka 5 hadi 12. Wadogo zaidi wapelekwe Saanane tu, Ndabaka itawasubiri.

Hatua ya 1: Darubini ianze kibarazani

Tafuta darubini ndogo iliyoandikwa 8x21 au 8x30. Namba ya kwanza ni ukuzaji. Wauzaji watakusukumia ya 10x au zaidi, lakini darubini inayokuza sana hukuza na mtetemo wa mikono, na mikono ya mtoto wa miaka saba haitulii. Kabla ya kulipa, mwambie mtoto aikunje kwenye bawaba ya katikati mpaka yale maduara mawili yaungane kuwa duara moja. Macho ya watoto yamekaribiana, na darubini nyingi za watu wazima hazikunjiki kiasi hicho. Ikishindikana, rudisha.

Zoezi ni la dakika kumi jioni. Chagua kitu cha mbali: kunguru juu ya nguzo ya umeme, tenki la maji kwenye mwinuko wa pili. Mtoto akitazame kwa macho matupu kwanza. Kisha, bila kubandua macho pale, apandishe darubini mpaka usoni. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuinamia darubini kwanza, halafu kuizungusha huku na huko akikitafuta kitu. Ataona majani na anga, atachoka, ataiacha. Akiweza kumpata kunguru mara tano mfululizo, yuko tayari. Na sheria moja isiyo na mjadala: darubini haielekezwi kwenye jua.

Hatua ya 2: Siku, malipo, vitambulisho

Kwa Saanane, epuka siku za masika, Machi hadi Mei, zaidi kwa sababu ya mawe yenye utelezi kuliko kwa sababu ya mvua yenyewe. Kwa Ndabaka, miezi mizuri ni Juni na Julai: barabara zimekauka, na nyumbu wanaohama mara nyingi wanapitia upande huu wa magharibi.

Hifadhi za TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, hazipokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Uliza viwango vya sasa ofisini kabla ya siku yenyewe. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha watoto. Beba kitambulisho cha NIDA na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mtoto wa miaka minne mwenye umbo la miaka saba huzua mabishano getini yasiyo na sababu.

Hatua ya 3: Boti

Saanane iko ndani ya jiji. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti huondokea Capri Point na mwendo ni wa dakika chache. Wahi boti ya asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huongezeka, boti hurukaruka, na watoto hutapika.

Jaketi okozi ndilo la kukaguliwa kwa makini. Mfunge mtoto vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka kufunika kidevu au masikio, ni kubwa, na majini atachomoka kwa chini. Omba la saizi ya mtoto, hasa lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Usione aibu kuichelewesha boti kwa hilo.

Wakati wa kusubiri, watoto wasichezee maji ya ukingoni. Kichocho kipo ufukwe wote wa ziwa hili, na konokono wanaobeba vimelea hupenda maji tulivu yenye majani, yaani palepale mtoto anapotaka kuosha miguu. Vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Mtoto akishaingia majini, usikimbilie kipimo kesho yake kwa sababu hakitaonyesha kitu. Nenda baada ya wiki sita hadi nane, umweleze mhudumu alivyoingia ziwani. Mamba nao wapo, lakini hao watoto huwaogopa bila kuhimizwa.

Hatua ya 4: Mawe na wakazi wake

Hapa usiwe na haraka. Hapa ndipo mtoto anapojifunza kuona.

Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira iliyochongwa. Yeboyebo ziache nyumbani. Kwenye jabali utaona michirizi myeusi inayoshuka: ni njia za maji, zimeota kuvu na mimea midogo, na zikilowa kidogo tu kwa umande zinateleza vibaya. Mpandishe mtoto kwenye sehemu ya kijivu iliyo kavu. Mikono isiingizwe kwenye nyufa, kwa sababu nyoka nao hupenda joto la jiwe.

Anza na jiwe lenyewe. Ni itale, mwamba uliopoa na kuganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Ulipasuka kwa nyufa za kukatana, maji yakapenya, pembe zikaliwa kuliko pande, ndiyo maana mabonge ni ya mviringo. Baadaye mvua zikahamisha udongo uliokuwa umeyazunguka, yakabaki yamepandana. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga limesimama kwa njia hiyohiyo, na mtoto anayepita hapo kila siku ataliangalia upya. Mwambie atafute mahali ambapo jabali linamenyeka kama kitunguu, gamba juu ya gamba. Asisimame juu ya gamba lililoachia, maana huteleza lote kwa pamoja.

Sasa pimbi. Hana uwezo mzuri wa kutunza joto la mwili, hivyo asubuhi hutoka kuota jua, akijilaza tumbo chini juu ya jiwe. Jua likishakuwa kali anarudi nyufani, na wanaofika saa sita hukuta mawe matupu wakadhani hifadhi haina wanyama. Kabla ya kumtafuta mnyama, tafuta choo chake: madoa meupe yanayoshuka kwenye jabali ni chumvichumvi za mkojo wa pimbi, kwani familia hutumia sehemu moja kwa miaka mingi. Ukiyaona madoa, simameni hatua kama ishirini nyuma, kaeni chini, nyamazeni kwa dakika tano. Tano za saa, si za mtoto; mpe saa ya mkononi aangalie mwenyewe.

Akishatokea, usiseme “ona pimbi” ukaondoka. Mwulize mtoto mambo matatu: anakula nini, anaangalia wapi, yuko na nani? Swali la pili ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu mara nyingi mmoja amekaa juu kuliko wenzake, hali chochote, anaangalia anga. Huyo ni mlinzi. Akipiga mluzi wote huzama, na mtoto ageuke haraka kutafuta kilichomtisha mlinzi. Huenda kuna tai anapita. Ukipata mwanya, mwonyeshe kwa darubini yale meno mawili marefu ya juu na kucha zilizo kama kwato ndogo. Ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yaliyorefuka. Watoto hawakubali mpaka uwaambie mimba ya huyu mnyama mwenye ukubwa wa sungura huchukua zaidi ya miezi saba.

Kwenye jabali hilohilo yuko mjusi mwenye kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, mwili wa buluu. Wanasayansi humwita Agama mwanzae, ana jina la mji. Mwenye rangi ni dume. Majike ni wa kahawia na watoto huwapita bila kuwaona. Zoezi zuri ni kumtafuta jike aliye karibu na dume. Dume akianza kupiga pushapu, kuna dume mwingine hapo karibu, atafutwe.

Ukingoni mwa maji watafute mdiria mweusi na mweupe anayesimama angani huku akipiga mabawa kabla ya kujirusha, na mnandi aliyetandaza mabawa akiyakausha. Swala pala na tumbili utakutana nao njiani. Tumbili wanajua sauti ya mfuko wa nailoni unaofunguliwa. Chakula kiwe kwenye chombo cha mfuniko, kiliwe sehemu moja mkiwa mmekaa, na ndizi zisibebwe mkononi kabisa. Mtoto akinyang'anywa asivutane. Tumbili aliyezoea kulishwa huuma. Chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vinatosha, na lita moja ya maji kwa kila mtoto kwa nusu siku.

Ikifika saa sita rudini. Mtoto akilia kwamba hataki kuondoka, safari imefaulu.

Hatua ya 5: Kufika Ndabaka

Lango liko kwenye barabara ya Musoma, mbele ya Lamadi, mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu kutoka Mwanza kupitia Kisesa na Magu. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa watoto walio chini ya miaka minane ni afadhali kulala Lamadi usiku wa kuamkia safari kuliko kuwaamsha saa tisa za usiku. Aliyekosa usingizi hatatazama kitu baada ya saa nne.

Gari la chini linaweza kupita kiangazi kwenye barabara kuu za upande huu, lakini udongo wake ni ule mweusi wa mbuga. Mvua ya saa moja huugeuza ulimbo, na hata gari la kuvuta magurudumu yote hukwama. Kama kumenyesha usiku, waulize askari wa getini na uwasikilize.

Hatua ya 6: Kutafuta kutoka ndani ya gari

Gawa pande. Kila mtoto apewe dirisha lake na alitawale, kwa sababu wakitazama wote upande mmoja, upande wa pili unapotea. Kubalianeni lugha ya kuelekezana kabla ya kuanza. Kwa mtoto anayesoma saa ya Kiswahili, pua ya gari ni saa sita, kulia ni saa tisa, nyuma saa kumi na mbili, kushoto saa tatu. Mwongozaji aliyezoea wageni atasema mbele ni “kumi na mbili”, kwa hiyo mwambie mapema mnatumia ipi.

Wafundishe kutafuta mstari wa kulala. Miti na nyasi husimama, mgongo wa mnyama hulala. Baada ya hapo tafuta kinachotikisika: sikio, mkia. Nyamera ndiye wa kuanzia, kwa kuwa dume hupenda kusimama juu ya kichuguu akilinda eneo lake, na mapaja yake yana mabaka meusi yanayoonekana mbali. Kwa twiga, angalia pembe: jike ana nywele nyeusi kwenye ncha, dume zimemtoka. Kwenye miti ya Mto Grumeti kuna mbega weusi na weupe, na majini viboko na mamba.

Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukitaka watoto waone kitu nenda 20. Gari likiwa linatembea hakuna kusimama kwenye paa lililo wazi. Breki moja au tawi moja linatosha kuumiza.

Hatua ya 7: Mbung'o, choo na kichefuchefu

Upande wa magharibi una mbung'o. Hufuata vitu vinavyotembea na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo sare ya shule ya buluu ndiyo nguo mbaya kuliko zote. Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyoning'inizwa mitini ni mitego yao, na watoto watauliza. Ukipita vichakani funga vioo. Mtoto akipata homa au kidonda pale alipoumwa siku au wiki za baadaye, mwambie daktari kwamba alikuwa hifadhini, ili afikirie na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si malaria peke yake.

Kushuka garini ni sehemu zilizoruhusiwa tu. Choo kitumike getini hata kama mtoto amesema hana haja. Kwa wadogo beba ndoo yenye mfuniko. Kichefuchefu hutokana zaidi na kuchora daftarini gari likiwa linatembea, basi kuchora kufanyike mkiwa mmesimama, mnyama mmoja kwa kila kituo.

Anza kutoka saa nane na nusu mchana, saa tisa muwe nje ya lango. Jioni ng'ombe wanarudi makwao wakivuka barabara kuanzia Lamadi hadi Magu, na daraja la Simiyu ni vizuri kulivuka kukiwa bado na mwanga. Mkifika nyumbani, darubini zisifutwe kwa fulana. Vumbi la hifadhini hukwaruza kioo; pulizeni kwanza, ndipo mpitishe kitambaa laini cha miwani.