Laptopu ya kugusa unayoweza kuifungua, kuiongezea nguvu na kuendeshea programu za simu

Ukiingia maduka ya kompyuta ya Kampala, kabla ya bei uliza hili: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) inachomoka, au imechomelewa kwenye bodi? Laptopu nyingi nyembamba za kugusa zimechomelewa. Ukinunua ya 4GB, utazeeka nayo ya 4GB. Chromebook huendesha programu za Android bila taabu, lakini nyingi zina kasoro hiyo hiyo, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho.

Tunapendekeza Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika, yenye skrini ya kugusa (si zote zinayo), au L380 Yoga ukitaka ya kukunja. Zote zina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR4, na SSD zake (diski za kuhifadhia) hubadilishwa. Framework Laptop 12 hurekebishika vizuri zaidi, ila kila kipuri utakiagiza nje.

Dukani, fungua programu ya kuchora. Chora kwa kidole mistari iliyokaribiana, juu hadi chini, kisha kushoto kwenda kulia. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, mguso umekufa hapo. Sasa chomeka chaja, urudie. Alama zikianza kurukaruka chaja inapochomekwa tu, usikimbilie kununua skrini: mara nyingi tatizo ni chaja duni au adapta ya plagi isiyo na waya wa ardhi. Jaribu chaja nyingine yenye plagi ya pini tatu, moja kwa moja ukutani. Skrini ikiwa mbovu kweli, mwambie fundi kwamba ya kugusa ya T480 ina kiunganishi cha pini 40; ile ya kawaida ni pini 30, wala kebo zake haziingiliani.

Kuongeza RAM kwenye T480: washa huku ukibonyeza F1, nenda Config, Power, kisha Disable Built-in Battery. Itajizima. Toa betri ya nje, legeza skrubu sita za chini (hubaki kwenye kava), ubandue kava kwa kadi ya plastiki, si kisu. Weka vijiti viwili vya RAM vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB, kwa sababu michoro hutumia RAM hiyo hiyo na vijiti viwili husomwa kwa pamoja. Kiingize kimeinama, kisha kishushe mpaka klipu zilie. Ukifunga na laptopu ikakataa kuwaka, chomeka chaja kwanza: betri ya ndani hairudi kazini bila umeme. Skrini ikibaki nyeusi zaidi ya dakika moja, jaribu kijiti kimoja kimoja.

Mfumo wa Android ndani ya Windows 11 ulisitishwa tarehe 5 Machi 2025, hivyo weka Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa Linux) pamoja na Waydroid, programu inayoendesha Android ndani yake. Andika amri hizi kwenye Terminal:

curl -s https://repo.waydro.id | sudo bash
sudo apt install waydroid

Unapoingia Ubuntu, usichague Xorg. Waydroid hutaka Wayland, njia nyingine ya Ubuntu ya kuonyesha picha kwenye skrini. Ukiifungua mara ya kwanza chagua GAPPS (programu za Google) ili upate Play Store, kisha sajili namba ya kifaa kwenye google.com/android/uncertified, la sivyo Google itakukatalia. Programu zilizoundwa kwa ajili ya prosesa za ARM pekee, zile za simu, hazitafunguka kwenye Intel bila kuongeza kitafsiri.

Programu nyingi za benki hukataa mazingira haya, kwa kuwa hukagua kama kifaa kimeidhinishwa. Nazo *165# ya MTN na *185# ya Airtel, za pesa kwa simu, zinahitaji laini. Pesa ziache kwenye simu.