Laptopu inachemka kisha haiwaki: anza na vumbi kabla ya Windows

Asalaam alaykum wenzangu. Tangu kaskazi ianze kuvuma, wanaoniletea laptopu wana kauli moja tu: "Inachemka, ikizima haiwaki." Na nusu yao wameshapiga Windows upya, wengine mara mbili. Windows haina kosa hapo. Mashine inayojizima katikati ya kazi bila kuaga, kisha ikagoma mpaka ipoe, aghlabu inajilinda. Prosesa nyingi (prosesa ndiyo ubongo wa mashine) zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na joto likizidi hapo umeme hukatwa.

Juzi nilifungua moja ya kijana wa Malindi. Feni inazunguka vizuri, huwezi kuilaumu. Lakini baina ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na utando wa vumbi uliochanganyika na sufi ya mto, kwani bwana mkubwa huangalia mpira kitandani. Nikauvuta kwa kibano ukatoka mzima, mzito, una unyevunyevu. Vumbi la pwani ndivyo lilivyo: chumvi ya hewani huvuta maji, vumbi likaganda.

Basi kabla ya bisibisi, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Unasikia feni lakini hewa haitoki? Pameziba. Kimya kabisa huku mashine inaungua? Tazama feni au waya wake. Hewa inatoka kwa nguvu lakini vuguvugu tu, na chini panachoma? Hapo pesti ya prosesa, ile dawa laini inayopitisha joto kutoka prosesa hadi bamba la kupozea, imekauka, joto haliyafikii mapezi.

Sasa kazi yenyewe.

1. Zima kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja, toa betri. Kama betri ni ya ndani, ukishafungua kifuniko chomoa waya wake kwanza. Ukiikuta imevimba, ishia hapo: usiitoboe, usiichaji tena, mpelekee fundi.

2. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu ilaze mahali ilipotoka. Urefu haulingani, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Nimeshalipa bodi ya mtu kwa uzembe huo.

3. Safisha kwa brashi laini ya rangi, mpya. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Na ile pampu ya upepo ya gereji iacheni huko huko, inatema maji.

4. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa, iache ikauke, kisha tia mpya kiasi cha punje ya mchele. Kaza skrubu kidogokidogo kwa kufuata namba zilizopigwa kwenye bamba la kupozea.

Ikishapoa na kusafika bado haiwaki? Bila chaja wala betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha jaribu kwa chaja peke yake. Ikishindikana, chomoa chaja, toa ramu (kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya mashine), sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka isikike "tak". Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Kwa hewa yetu hii, raba ya penseli imenilipia kodi ya kibanda zaidi ya kifaa chochote.

Na umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo uchomeke.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Wete:* Fundi, taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii.

Mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa gizani. Ukiona picha kwa mbali, taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Huoni kitu, chomeka kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka huko, tatizo ni kioo au waya wake. Kote kweusi, rudi kwenye ramu.

*Mwanachama, Michenzani:* Mie huitia kwenye friji dakika kumi, inawaka. Kuna ubaya?

Ubaya upo, ndugu yangu. Ukiitoa tu, umande unaingia kwenye bodi, ndani ambako huuoni. Friji iachie samaki.

*Mwanachama, Makunduchi:* Huku pesti haipatikani. Nasikia dawa ya meno inafaa?

Itakupoza siku mbili tatu, ikikauka utakuwa pabaya zaidi. Agiza mjini kwa mtu wa daladala, na mpaka ifike usiivue ile ya zamani.

*Mwanachama, Chake Chake:* Shikamoo. Yangu haichemki, ila kila nikiizima saa inarudi miaka ya nyuma, na ikiwaka inanitaka nibonyeze F1.

Marahaba mwanangu. Hiyo ni betri ndogo ya bodi, nyingi ni CR2032 ya volti 3, duara kama sarafu. Kwenye baadhi ya laptopu imevikwa plastiki ina waya mbili. Hiyo nunua yenye waya wake, usiunge kwa gundi. Ukishaiweka, panga tarehe upya.