Ukija Thailand amka mapema, usiishie beach tu

Ndugu zangu mlioko Ulaya, Gulf na kwingineko mnaopanga likizo Thailand, nawaomba sana msimalize siku zote ufukweni na kwenye zile shoo za hotelini. Maisha ya Wathai yako mtaani asubuhi na mapema, na hayana kiingilio.

Makaratasi kwanza tumalizane nayo. Ile fomu ya kuingia nchini, TDAC, inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika na ni bure, ukiona tovuti inadai hela achana nayo. Anayetokea Nairobi, Dar, Entebbe au Kigali abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Haya, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshatoka nje. Watawa wa Kibudha wanapita peku na mabakuli yao, watu wanawasubiri na wali, matunda, mchuzi uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa rababendi. Na wewe unaweza kutoa, sokoni wanauza vifurushi vilivyo tayari, vua viatu, weka chakula kwenye bakuli taratibu, kisha chuchumaa mikono ukiwa umeikutanisha wakati wanasoma dua. Mtawa hatakwambia asante na wala hajakudharau, maana wao wanaamini anayetoa ndiye anayepata thawabu. Dada zangu, mtawa haguswi na mwanamke, hata njiani mpishe kidogo.

Ukizunguka utaona nje ya maduka na nyumba kuna kajumba kadogo juu ya nguzo, kana maua na ubani na mara nyingi chupa ya Fanta nyekundu imewekwa na mrija kabisa, hiyo ni sadaka kwa mizimu inayolinda eneo. Usishikeshike.

Hekaluni funika mabega na magoti. Kanga kwenye begi inasaidia mahekalu mengi ila Wat Phra Kaew pale Bangkok wanakagua getini, nenda umevaa suruali au sketi ndefu. Ukikaa mbele ya sanamu ya Budha kunja miguu nyuma, nyayo zisimwelekee. Na kichwa huku ni kitu cha heshima mno, sisi kumpapasa mtoto wa watu kichwani ni upendo lakini hapa jizuie.

Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa stesheni na kwenye bustani, watu wote wanasimama, simama nao. Kuhusu mfalme na familia yake usitanie kabisa, wala mtandaoni, kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai ni jela miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Hata noti ya baht ikidondoka usiikanyage, ina picha yake.

Chakula ndio raha yenyewe! Som tam wanakutwangia papai bichi kwenye kinu ukiwa umesimama hapo hapo, mwambie mama "phet nit noi" apunguze pilipili, na hata hapo utatoka jasho. Wali wa kunata unaliwa kwa mkono, unafinyanga katonge unachovya. Waislamu wenzangu, nguruwe yuko kila mahali kwa hiyo tafuteni alama ya halali, na mkikuta Muislamu anauza khao mok kai kaeni hapo, ni wali wa manjano na kuku, ukoo mmoja na biriani, nikiukosa wiki nzima naumwa.

Usafiri, tuk-tuk patana bei kabla hujapanda, songthaew ni pikapu yenye mabenchi nyuma, chai maharage ya zamani ya Dar kabisa, mnakaa mkitazamana.

Ukibahatika kuwepo Songkran, mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, usiende kurushiana maji tu. Asubuhi familia zinawamwagia wazee maji yenye marashi mikononi na kupewa baraka, ukialikwa nyumbani kwa mtu nenda, lete hata matunda, viatu acha mlangoni. Mchana sasa ndio simu uifunge kwenye mfuko wa plastiki, na watawa na wazee usiwarushie.